Njia ya Uzi

SEHEMU YA KWANZA

Jumapili ile Hassan aliniambia twende tukatembee, nami nikaitikia. Hakusema wapi na mimi sikumuuliza. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni, na vespa ikatubeba sote wawili pamoja na siri zetu.

Vespa yenyewe ilikuwa ya baba mkwe wangu, Mzee Makame, Mungu amrehemu. Aliinunua mwaka 1985, biashara ilipolegezwa Unguja na bidhaa zikaanza kushuka tena bandarini, akaitumia mpaka miguu ilipomkataa. Alikuwa bwana afya. Kazi yake ilikuwa kukagua visima na vyoo vya vijijini, kupiga dawa ya mbu, kuandikisha watoto wachanga kwa ajili ya chanjo, na hapakuwa na kijiji cha Kusini kisichoujua mlio wa chombo chake. Vespa zote zina mlio wake, lakini ile ilikuwa na kikohozi. Ukiipunguza mwendo inakohoa mara moja, kwa ufupi, kisha inatulia. Hassan aliipeleka kwa mafundi wa Darajani waitoe ile kasoro, wakashindwa. Mzee alikuwa akicheka tu. "Iacheni," anasema, "watu wangu wananijulia hapo."

Alipofariki tukamsomea khitma, tukatimiza arubaini, mirathi ikagawiwa, na vespa ikamwangukia Hassan, mtoto wake wa pekee. Mimi ndiye niliyeisafisha. Mbele, nyuma ya bati la kukinga miguu, mna kisanduku kidogo chenye kufuli, na ufunguo wake hatukuuona. Nilikifungua kwa ncha ya mkasi wangu wa kushonea. Ndani mlikuwa na matambara ya oili, plagi kuukuu, na mfuko wa nailoni uliokunjwa na kukunjuliwa mpaka umechanika kwenye mikunjo. Kilichokuwamo kwenye mfuko nilikitia katika pochi yangu. Sikumwonesha Hassan. Niliogopa, na nilikuwa na sababu ya kuogopa.

Tuliondoka Michenzani saa mbili asubuhi. Hassan alipima oili kwa kikopo akaichanganya na petroli, maana injini ya vespa kama ile inainywa oili humo humo kwenye mafuta, na ukisahau kuichanganya pistoni inakamata na safari imekwisha. Akafungua bomba chini ya kiti, akavuta choki, akapiga kiki. Nikapanda nikakaa upande, buibui nimelipandisha na kulifunga fundo karibu na magoti. Kushona ndiyo kazi yangu, na kwa mabuibui niliyokwisha kuyatia viraka kwa sababu ya vespa, gurudumu la nyuma nalipa heshima yake.

Mwanakwerekwe palikuwa na vurugu lake la kila siku, daladala na mikokoteni na wauza mboga. Tulipoipita Fuoni upepo wa kusi ukaanza kutupiga usoni, kwa kuwa ilikuwa Julai. Tunguu Hassan akaiacha lami.

Hapo ndipo nilipoanza kuifurahia safari, pamoja na yote niliyokuwa nayo rohoni. Mimi nasema wazi, kisiwa hiki hukijui ukikipita kwa lami. Njia za ndani zinapita kwenye viambo vya watu hasa. Unapita uani mwa mtu anayepara samaki, unasalimiwa, unaitikia, na salamu yako haijamalizika umeshaingia kwenye kiambo kingine. Watoto wanakimbia pembeni mpaka pumzi inawaishia. Machungwa yamepangwa mafungu mafungu juu ya gunia na mwenyewe hayupo. Ukitaka unaita, anatokea shambani akipangusa mikono. Hassan alibadilisha gea kwa kiganja cha kushoto bila kutazama, akikwepa mizizi ya miembe, nami nilikuwa nimeshika kanzu yake kiunoni, nikiusikia mgongo wake unavyokaza kila tunapoteremka.

Kisha udongo ukabadilika. Anayetoka mjini kwenda kusini huuona mpaka huu kwa macho yake: udongo mwekundu wa mihogo na migomba unakwisha, mawe ya matumbawe yanaanza kuchomoza, miti inafupika, na watu wanalima kwenye vishimo baina ya jiwe na jiwe. Tuliona tanuu la chokaa likifuka moshi mweupe. Tukapita Bungi, tukashika njia ya mkono wa kulia, na bango la Unguja Ukuu lilipotokea ndipo nilipojua tunakokwenda. Mbele ya Unguja Ukuu hakuna pengine pa kwenda ila baharini, na ng'ambo ya bahari hiyo kuna kisiwa kimoja tu chenye watu.

Moyo ukanipiga. Pochi nikaibana kwapani.

Unguja Ukuu leo ni kijiji cha wavuvi kilichotulia, lakini zaidi ya miaka 1000 iliyopita hapa palikuwa bandari. Vyombo vilikuja na kusi na kaskazi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua hapa vigae vya vyombo kutoka Ghuba ya Ajemi na China. Mzee Makame alipenda kumhadithia Hassan habari hizi alipokuwa mdogo. Alimhadithia kila kitu cha Unguja Ukuu, na kamwe hakumleta.

Tulishuka mpaka ukingoni. Maji yalikuwa yametoka, na njia ya kwenda kisiwani Uzi ilikuwa wazi, imelala baina ya mikoko, nyeusi na yenye kung'aa. Chini ya mti alikaa mzee mmoja akisuka kamba. Hassan alipopunguza mwendo, vespa ikakohoa.

Yule mzee aliinua kichwa haraka. Akatabasamu meno yote.

"Hussein!" akaita. "We mtoto umevuka saa ngapi? Alfajiri si nimekuacha Ng'ambwa unapakia madema?"

Hassan akazima injini. "Shikamoo, mzee wangu. Umenifananisha. Mimi naitwa Hassan, natoka mjini."

"Marahaba," mzee alijibu, lakini marahaba yake ilitoka kwa mbali. Alisimama akaja karibu. Akamtazama mume wangu paji la uso, masikio, mikono iliyoshika usukani. Kisha akapitisha kiganja kwenye bati la mbele la vespa, taratibu, kuanzia juu mpaka kwenye bonyeo lililopo karibu na taa, akalikuta bila kulitafuta.

"Hassan," alirudia.

"Ndiyo, mzee."

Hakuongeza neno kwake. Alinigeukia mimi. "Mwanangu, juzi mwezi ulikuwa kumi na nne. Leo ni bamvua, na kusi linasukuma. Saa saba muwe mmesharudi upande huu. Saa saba, si saa nane."

Nilimwitikia huku mkono umo ndani ya pochi, vidole vikishika kile nilichokitoa kwenye kisanduku. Ilikuwa kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi yake imekuwa njano na wino umefifia. Jina la baba, Makame. Tarehe ya kuzaliwa, 9 Machi 1987, tarehe ile ile iliyomo kwenye cheti cha mume wangu.

Na jina la mtoto lilikuwa Hussein.

ITAENDELEA

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Riziki na mumewe Hassan wamefika Unguja Ukuu kwa vespa ya marehemu Mzee Makame. Mzee wa pwani amemwita Hassan kwa jina la Hussein, jina lililoandikwa kwenye kadi ya kliniki ambayo Riziki ameificha kwenye pochi. SASA ENDELEA.

Mwaka huo ulikuwa 2014 na daraja halikuwapo. Watu wa Uzi walikuwa wakiyapanga maisha yao yote kwa kufuata maji. Mgonjwa, bibi harusi, mwanafunzi wa sekondari, gunia la unga, kila kimoja kingoje maji yatoke, la sivyo kipande mtumbwi. Njia ilijengwa kwa mawe yaliyomwagwa juu ya tope, na bahari ikayapanga upya kila siku kwa namna yake.

Vespa ina magurudumu madogo. Kwenye lami hilo halina neno, lakini kwenye mawe yenye utelezi kila jiwe linataka kukuangusha. Hassan aliingia gea ya kwanza akabaki humo humo, miguu yote miwili chini, anaikokota huku injini inanguruma. Mimi nilishuka nikavua viatu nikamfuata nyuma. Kaa wekundu wadogo walikuwa wakikimbilia kwenye mashimo yao mbele yetu kwa wingi kiasi kwamba tope lote lilionekana linasogea. Kulia na kushoto ilisimama mikoko kwa mizizi yake iliyopinda, na ndani zaidi, kwenye mchu mmoja, kima punju watatu walikuwa wakila majani. Mmoja alitutazama akaacha kutafuna.

Katikati ya njia Hassan alizima injini. Hakugeuka.

"Riziki."

"Naam."

"Baba kabla ya kufariki aliniambia kitu. Usiku ule ulipokwenda kupika uji. Ulimi ulikuwa mzito, lakini nilimwelewa. Alisema, vespa ipeleke Uzi. Nikamuuliza nimpe nani. Akasema, nenda tu, utajulikana."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani ana deni la watu. Nikaona haya, nije nikuoneshe deni la baba yangu." Akashusha pumzi. "Sasa yule mzee ananiita Hussein."

Ilikuwa fursa yangu. Nilifungua mdomo, nikaiona shingo yake imelowa jasho, nikaufunga. Nilijiambia tukifika kivulini. Hivyo ndivyo siri za nyumbani zinavyoishi miaka: kila mtu anangoja kivuli.

Tukapanda ng'ambo. Kijiji cha Uzi kilitupokea na harufu ya moshi wa kuni na dagaa walioanikwa. Sijawahi kuona mume wangu akisalimiwa vile, wala yeye hajawahi. Kijana aliyebeba makasia alimpungia mkono akapita zake bila kushangaa. Mwanamke aliyekuwa anachota maji akamwambia, "Leo umerudi mapema," kisha akaniona mimi nyuma yake, akanyamaza na ndoo ikamjalia mpaka ikamwagika. Hassan alikuwa akiitikia kwa kichwa. Sauti ilishamkauka.

Msichana wa miaka mitano hivi, kashika kipande cha muhogo, alitoka mbio kwenye ua wa makuti.

"Baba! Baba kaja na vespa!"

Akamkumbatia Hassan mguuni. Nilimwona mume wangu anavyoinama kumtazama yule mtoto, na yule mtoto anavyoinua uso. Yeye ndiye aliyegundua kwanza. Aliuachia mguu kidogo kidogo, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Watoto wanawajua wazazi wao kwa harufu kabla ya sura.

"Bibi yako yuko wapi?" nilimuuliza kwa upole.

Akanionesha kwa muhogo wake nyumba iliyofunikwa kwa mabati yaliyoshika kutu. Mlango ulikuwa umerudishwa. Barazani walikaa wanawake wawili wanasuka ukili, na mmoja, mtu mzima, alinyoosha mkono kutuzuia.

"Karibuni, lakini mtatusamehe," alisema. "Humu ndani Mwatima yuko eda. Mwanamume haingii ila maharimu wake."

Nilisikia baridi mwilini. Baba mkwe wangu alipofariki, nyumbani kwetu mjini hapakuwa na wa kukaa eda. Bi Fatma, mkewe, mama aliyemlea Hassan, tulimzika Mwanakwerekwe mapema sana, hata harusi yetu hakuiona. Matanga yale yalikuwa hayana mjane. Ndivyo tulivyodhani.

"Eda ya nani?" Hassan aliuliza.

Yule mwanamke hakujibu. Alikuwa anatazama vespa.

Nikaitoa kadi. Sikuweza tena. Nilimpa Hassan mkononi, na aliisoma pale pale juani, mstari mmoja mmoja, midomo ikitikisika. Tarehe. Jina la baba. Jina la mama, Mwatima. Uzito wa mtoto, vialama vya kalamu vikipanda mwezi hadi mwezi. Jina la mtoto.

"Tangu lini unayo hii?"

"Tangu tulipomaliza arubaini."

"Umekaa nayo. Unalala nayo pembeni yangu."

"Na wewe wasia wa baba umelala nao pembeni yangu, Hassan."

Hakunipigia kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisimama tu, kadi ikimtetemeka mkononi, na kutoka ndani ya ile nyumba, nyuma ya mlango uliorudishwa, ikasikika sauti ya mwanamke, nyembamba na isiyokuwa na haraka.

"Mwambieni huyo mtoto aingie. Nimeisikia vespa ikikohoa tangu ilipopanda kutoka pwani." Kisha, baada ya kitambo: "Na huyo siye Hussein. Huyo ni Hassan. Ni mwanangu niliyempa mtu."

ITAENDELEA

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Ndani ya nyumba moja kisiwani Uzi mwanamke anakaa eda. Amemtambua Hassan kwa mlio wa vespa, na amemwita mwanawe. SASA ENDELEA.

Hassan hakuingia.

Nilimsukuma kidogo begani, akakataa kwa mwili mzima. Akasema kwa sauti ya chini, "Nenda wewe," na kwa kuwa mtu hawezi kumwacha mama aliye kwenye eda akazungumza na mlango, nikaingia.

Macho yalichukua muda kuzoea giza. Bi Mwatima alikaa juu ya mkeka, miguu kainyoosha, tasbihi mapajani. Nilimbusu mkono. Alinishika kidevu akanielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akanitazama anavyotazamwa mkwe, kisha akaniambia nikae. Maneno yake nayaandika hapa kama nilivyoyasikia, kwa sababu nimekwisha kusikia watu wakiyasimulia vingine.

Fatma hakujaaliwa mtoto. Makame alipomuoa Mwatima huku Uzi, Fatma alijua na aliridhia. Mwatima akazaa pacha, wanaume wote wawili, na mwaka ule chakula kilikuwa shida na maziwa hayakumtosha. Wa pili alikuwa dhaifu. Fatma alivuka maji kwa miguu yake kuja kumwona mwenzake uzazini, akakaa naye, akaogesha watoto, na siku ya kuondoka Mwatima mwenyewe ndiye aliyempakata Hassan, aliyekuwa na nguvu za kuhimili safari, akamweka mikononi mwake. "Mlee," alimwambia. "Akipata akili mwambieni alikotoka."

"Fatma alitaka kusema," Bi Mwatima aliendelea. "Kila Idi alileta salamu, alileta nguo za Hussein sawa na za mwenzake. Makame ndiye aliyekuwa akisema bado. Mtoto anasoma, bado. Mtoto anafanya mtihani, bado. Fatma akafa. Basi ndiyo aibu ikamzidi, maana sasa angesema vipi?"

Nilitaka kumuuliza ameweza vipi kustahimili, nikaona swali lenyewe ni la utovu wa adabu. Mimi simlaumu marehemu kwa kuoa wala kwa kumtoa mtoto alelewe. Hayo yalikuwapo kwetu na yamewalea wengi vizuri. Lakini lile "bado" simsamehi kwa wepesi. Lilimnyima mwanamke huyu mwanawe, na lilimnyima Hassan ndugu wa tumbo moja aliyekuwa mwendo wa saa mbili tu kutoka kitandani kwake.

"Tulisikia kifo redioni, kwenye matangazo ya vifo," alisema. "Hussein alitaka kuja mazikoni. Nikamkataza. Nikamwambia, ukitokea pale na sura hiyo, utamwua mwenzako kwa mshtuko mbele za watu. Atakuja mwenyewe. Baba yake atakuwa amemwambia."

Nje, vespa ikapigwa kiki.

Tulinyamaza sote wawili. Ikapigwa tena, ikawaka, ikaondoka. Ile sauti ikaanza kuteremka kuelekea pwani, ikakohoa mara moja kwenye kona, ikaendelea.

Bi Mwatima alinishika mkono kwa nguvu nisizozitarajia. "Saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa nane kasorobo."

"Mkimbilie! Njia imeshakatwa!"

Sikumbuki kuvaa viatu. Nakumbuka buibui nimelikusanya lote kifuani, na mawe yakinichoma nyayo, na yule msichana mdogo anakimbia nami mpaka bibi mmoja akamdaka. Nilipofika ukingoni sikupatambua. Njia tuliyopita asubuhi haikuwapo. Palikuwa na bahari, kijivu, inatembea kwa haraka kutoka upande wa kusi na kuingia ndani ya mikoko, na mizizi ile iliyopinda ilikuwa imemezwa hadi kwenye matawi. Kiasi cha mita 200 mbele, katikati ya maji, alikuwa mume wangu.

Vespa ilikuwa imezimika. Yeye alisimama upande wake wa kushoto, anaisukuma, maji yamempita magoti.

"Hassan! Iache! Rudi!"

Upepo ulilichukua jina lake ukalirudisha kwangu. Nikaingia majini.

Nilipomfikia, maji yalikuwa yameshanifika kiunoni. Mkono wake ulikuwa kwenye injini, anahangaika na plagi, na nikaona jambo lililoniumiza kuliko maneno yote ya siku ile: alikuwa anaifuta ile plagi kwa kanzu yake, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa na baba yake, na kanzu yenyewe imelowa chapachapa. Ekzosi ilikuwa chini ya maji. Hata plagi ingekauka, injini ile isingeweza kupumua.

"Imeingia maji," aliniambia. "Nikiikausha itawaka."

"Haiwaki, bwana. Twende."

"Aliniambia niilete. Hakuniambia chochote, Riziki, miaka yote hiyo, akaniachia hii tu niilete. Siwezi kuitupa baharini."

"Ilishafika. Mama ameisikia. Ilishafika, Hassan."

Hapo akanitazama. Sijui ni neno gani lililomwingia, la mama au la kufika, lakini uso wake ulilegea, akanishika kichwa kwa mikono yote miwili yenye oili, akanibusu kwenye paji. Kisha akawa yule Hassan ninayemjua, mtu wa kupanga.

"Wewe nenda kwenye ule mkoko mkubwa. Panda. Ukiwa juu nitakuona. Mimi naisimamisha hapa juu ya mawe, naifunga kwa kamba ya spea isichukuliwe na mkondo, nakufuata."

"Twende pamoja."

"Dakika moja. Nenda."

Nilikwenda. Ningelikuwa na akili niliyonayo leo nisingekwenda. Maji yalinifika kifuani kabla sijaushika mzizi wa kwanza, na pembeni mwa ile njia pana mkondo unaovuta miguu, ukipakosea huoni tena chini. Nilipanda nikakwaruzika na chaza waliogandama kwenye mizizi, nikakumbatia tawi, nikaanza kupiga kelele kwa kila mwenye masikio Uzi na Unguja Ukuu. Nilimwona Hassan amejiinamia, kamba mdomoni. Kisha tawi likateleza, nikageuka kulishika, na kwa muda huo sikumtazama.

"Shika! Shika mkono huu!"

Mtumbwi ulikuwa umetokea nyuma yangu kutoka ndani ya mikoko, umejaa madema, na mtu mmoja amesimama akiuendesha kwa upondo. Alininyooshea mkono. Niliona ile sura, masikio yale, paji lile lile nililolizoea, na machozi yakanitoka kwa faraja na hasira kwa pamoja. Alinivuta ndani nikaangukia juu ya samaki.

"Ulisema dakika moja!" nilimlilia, nikampiga kifuani. "Umeniacha juu ya mti! Nilidhani umekufa!"

Hakunijibu. Alinishika mikono akaituliza. Mikono yake ilikuwa migumu, ina sugu za kamba. Alivaa msuli, hakuvaa kanzu. Na juu ya jicho la kushoto alikuwa na kovu la zamani ambalo mume wangu hana.

"Dada," alisema, "wewe ni nani, na uko na nani huku?"

"Mume wangu," nikasema, na ulimi ukagoma. "Hassan."

Upondo ulimponyoka akaudaka. "Hassan amekuja?" Alilitamka lile jina kama mtu aliyelitamka peke yake miaka mingi. "Yuko wapi?"

Nikageuka kumwonesha.

Usukani wa vespa ulikuwa bado juu ya maji, umelala upande. Kamba ilikuwa inaelea. Vespa ilikuwa imeanguka, na upande ule ilikoangukia ndiko nilikomwacha amesimama, na hapakuwa na mtu.

Hussein alinitupia upondo mapajani.

"Shemeji, uchomeke kwenye tope uushike, mtumbwi usiende na maji. Nikizama mara tatu sijatoka naye, piga kelele waje na jahazi."

Akavuta pumzi, akajitosa.

ITAENDELEA